Mwongozo kamili: kuweka bango la zamani la London la majira ya baridi kwenye fremu bila kuliharibu

Mtu ananunua bango la zamani la treni za chini ya ardhi za London, lile lenye watu waliojiinamia ndani ya makoti huku upepo ukiwapiga. Analipenda kweli. Siku tatu hazijaisha, ameshalikunjua kwa nguvu hadi likachanika ukingoni, ameziba mpasuko kwa selotepu, kisha fundi wa fremu amelilaza juu ya kadibodi na kulipaka gundi mgongo mzima. Nimeyaona haya mara nyingi mno, hata siku hizi nikiletewa bango natazama mgongo wake kabla ya picha.

Kosa ni lilelile kila mara: watu wanafanya jambo lisiloweza kutenguliwa. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inafuata sharti moja. Chochote utakacholifanyia bango, mtu mwingine aweze kukitengua baada ya miaka 30 bila karatasi kuumia.

Nimeandika kwa ajili ya mabango ya London kwa sababu ndiyo ninayoyashika kila wiki. Kama lako ni la tramu au treni ya mji mwingine, vipimo na majina vitabadilika, kazi ya mikono ni hiyohiyo.

## Vitu vya kuandaa

Viwe mezani vyote kabla hujagusa bango. Kukatisha kazi katikati ili kutafuta mkasi ndiko kunakoangusha vitu juu ya karatasi.

- Meza iliyo kubwa kuliko bango, angalau sentimita 80 kwa 120. Kama huna, tumia sakafu safi iliyotandikwa shuka jeupe lililofuliwa.
- Rula ndefu ya chuma, penseli laini, na lenzi ya kukuza mara 10.
- Karatasi za kufyonza maji, nene, nyeupe, zisizo na rangi wala harufu. Ziwe za kutosha kufunika bango juu na chini.
- Ubao bapa wa ukubwa wa bango, na vitabu vizito.
- Brashi pana yenye nywele laini, na nyingine ndogo ya gundi.
- Karatasi ya kijapani, nyembamba yenye nyuzi ndefu. Maduka ya vifaa vya sanaa huuza kwa shiti.
- Wanga wa ngano. Unga wa chapati haufai, na sababu nitaieleza.
- Ubao wa karatasi ya pamba usio na asidi, wa kulibeba bango.
- Fremu, akriliki (plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo) yenye kichujio cha mionzi ya jua, na vipande vyembamba vya kutenganisha bango na akriliki.

Vitu vya kuondoa chumbani: selotepu, gundi ya maji, gundi ya kupuliza, pasi, chai.

## Hatua ya 1: Jua ulicho nacho

Usiruke hatua hii hata kama muuzaji amekuapia. Nakala iliyochapwa upya mwaka jana unaweza kuifanyia jaribio lolote. Bango la 1922 halina pacha wa akiba.

Pima. Bango la kawaida la ukutani stesheni lilikuwa na inchi 25 kwa 40, yaani takribani sentimita 64 kwa 102. Likipungua sentimita moja au mbili, huenda kingo zilikatwa na mtu aliyetaka kuficha mipasuko. Likiwa na sentimita 50 kwa 70, shuku papo hapo. Hicho ni kipimo cha fremu za dukani za leo. Yalikuwapo pia mabango madogo ya ndani ya mabasi na tramu, kwa hiyo kipimo peke yake hakihukumu.

Soma jina la mwenye bango. London Transport, shirika la usafiri wa umma la jiji, ilianza kazi tarehe 1 Julai 1933. Kabla ya hapo kampuni za treni zilijiita Underground, na mara nyingi waliliandika jina hilo kwa kukuza herufi ya kwanza na ya mwisho. Ukiambiwa bango ni la 1922 na chini limeandikwa London Transport, moja kati ya hayo mawili ni uongo. Ukiona Transport for London, anwani ya tovuti au mstari wa hakimiliki wa makumbusho, una nakala. Transport for London iliundwa mwaka 2000.

Tafuta maandishi madogo ukingoni chini. Hapo ndipo mchapishaji alipoweka jina lake: Baynard Press, Waterlow, Vincent Brooks Day, Johnson Riddle, Dangerfield. Mara nyingi hufuatiwa na tarakimu za idadi iliyochapwa na tarehe. Nakala nyingi huikata sehemu hiyo au huionyesha ikiwa imefifia hadi haisomeki, kwa kuwa imepigwa picha na kupunguzwa.

Tazama herufi. Edward Johnston aliwachorea Underground herufi zilizoanza kutumika 1916, na nukta juu ya i na j ni ya umbo la almasi. Ukiiona, vizuri. Usipoiona, usikate tamaa, maana wasanii wengi waliandika maneno kwa mkono wao wenyewe, sehemu ya mchoro.

Sasa chukua lenzi. Hapa ndipo penye ukweli, na hapa ndipo ninapowaomba watu wasiwe na haraka.

Chukua mabango ya msanii Edward McKnight Kauffer ya mwanzoni mwa miaka ya 1920, yaliyowaita watu kwenye mauzo ya punguzo ya majira ya baridi. Watu wamejengwa kwa vipande vya rangi vyenye ncha, wanapambana na upepo na mvua. Sogeza lenzi pale koti linapokutana na mandharinyuma. Kwenye litografia ya kweli, yaani uchapaji wa zamani wa kutumia jiwe au bamba bapa, kila rangi ilichapwa peke yake. Imelala bapa kama rangi ya ukutani. Panapofifia utaona chembe zisizo na mpangilio, kama mchanga uliomwagika juu ya sahani. Rangi mbili zinapogusana, mara nyingi moja imepanda juu ya nyingine kwa unene wa unywele, na hapo pamezaliwa mstari wa rangi ya tatu ambao hakuna aliyeukusudia.

Nakala ya ofseti, uchapaji wa kisasa wa mashine, haina mstari huo wa bahati. Ina vidoto vya samawati, waridi kali, njano na nyeusi, vimepangwa kwa safu, vingine vikijikusanya kama maua madogo. Nakala ya printa ya kompyuta ina vumbi la vidoto vya rangi hata mahali panapoonekana peupe. Ila mabango ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia yanaweza kuwa ya asili na bado yakawa na vidoto vya safu, kwa hiyo kwa hayo rudi kwenye kipimo, jina na karatasi.

Jaribio la mwisho ni la kidole. Nakala hunakili hata uchakavu. Utaona mkunjo uliopigwa picha, lakini kidole hakiusikii. Utaona doa la maji mbele, lakini ukigeuza, mgongo ni mweupe kama pamba. Doa la kweli hupenya.

*Umefaulu ikiwa:* unaweza kutaja kipimo, jina la mwenye bango, jina la mchapishaji na namna lilivyochapwa. Yaandike kwenye daftari.

## Hatua ya 2: Liache lipumzike kabla ya kulikunjua

Bango likitoka posta Januari limetoka kwenye baridi. Ukilifungua papo hapo ndani ya chumba chenye hita, unyevu uliomo kwenye hewa ya joto hugusa karatasi baridi na kuacha jasho juu yake. Liache ndani ya bomba lake saa 24 kwenye chumba utakachofanyia kazi, mbali na hita.

Wakati huo punguza hita. Hewa ya nyumba za London wakati wa baridi hukauka sana hita zikiwaka mchana kutwa, na karatasi ya zamani iliyokauka huvunjika badala ya kukunjuka. Mabango haya yalitengenezwa kukaa ukutani kwa wiki kadhaa tu. Karatasi nyingi zina massa ya mbao yenye asidi inayozila kutoka ndani. Unyevu wa asilimia 45 hadi 55 ndio unaofaa kwa kazi hii. Kipima unyevu kidogo kinatosha, na ni cha bei nafuu.

## Hatua ya 3: Likunjue

Nawa mikono kwa sabuni, uikaushe kabisa. Mimi sivai glavu za pamba kwa karatasi, kwa sababu zinakupokonya hisia za vidole na nyuzi zake hunasa kwenye mipasuko. Mikono safi inatosha.

Laza bango picha ikiwa chini, juu ya karatasi ya kufyonza. Weka kitabu kilichofungwa kwa karatasi safi juu ya ukingo wa nje. Kunjua sentimita 20, weka kitabu kingine, subiri dakika 10. Endelea hivyo. Bango la urefu wa sentimita 102 likichukua saa nzima, umekwenda mwendo mzuri.

Onyo: ukisikia mlio mdogo kama wa jani kavu, simama. Karatasi inavunjika. Lirudishe kwenye mviringo wake na umpelekee mhifadhi wa karatasi mwenye mafunzo. Kulikunja upande wa pili ili "linyooke" ni kulivunja mara ya pili.

## Hatua ya 4: Linyooshe kwa uzito, si kwa joto

Likishakaa wazi, weka karatasi za kufyonza chini na juu, kisha ubao, kisha vitabu vilivyosambazwa sawasawa. Acha siku 7. Siku ya tatu badilisha karatasi za kufyonza. Mikunjo ya kina haitatoweka yote, na usiidai itoweke. Pasi hukausha karatasi na hulainisha baadhi ya wino. Mvuke wa birika huacha madoa yenye ukingo wa kahawia yasiyotoka.

*Umefaulu ikiwa:* ukiondoa uzito, pembe zinainuka chini ya sentimita 1 baada ya saa mbili.

## Hatua ya 5: Safisha vumbi, na ujue pa kuishia

Piga brashi laini kutoka katikati kwenda nje, mbele na nyuma. Basi. Usitumie ufutio kwenye picha. Eneo moja likiwa safi kuliko jingine, utataka kulifuata la pili, na la tatu, mpaka rangi ianze kutoka.

Ukikuta selotepu ya zamani, iache. Nilikuwa kijana kwenye kazi hii nilipoibandua moja kwa ukucha kwenye bango la mteja. Ilikuja pamoja na nusu ya taa ya barabarani, ile njano ndogo iliyokuwa ikiibeba picha nzima. Selotepu inaondolewa na mhifadhi mwenye vimumunyishi, yaani dawa za kuyeyusha gundi, na mahali pa kuvitumia.

Ukikuta bango limebandikwa kitambaa mgongoni, usijaribu kukitoa. Wakusanyaji wengi walifanya hivyo kwa makusudi ili kuliimarisha. Bawaba za karatasi za hatua ya 7 utazifunga kwenye kitambaa hicho.

## Hatua ya 6: Pika gundi

Pima kijiko 1 cha wanga wa ngano na vijiko 5 vya maji safi. Koroga, acha dakika 30. Kisha bandika jikoni kwa moto mdogo, ukikoroga bila kuacha kwa dakika 20 hadi 30. Mwanzo ni maji meupe, halafu unashika kama uji, halafu weupe unapungua na gundi inaanza kung'aa. Hapo epua.

Ikipoa, ichuje mara mbili kwenye chujio safi, kisha izimue kwa maji kidogokidogo mpaka iwe laini kama mtindi mzito. Inakaa kwenye friji siku chache. Ikianza kunukia uchachu, mwaga upike upya.

Kwa nini si unga wa chapati? Unga una protini zinazogeuka njano na kukakamaa, na wadudu huupenda zaidi. Wanga uliotengwa unabaki mweupe, na tone la maji linaulainisha wakati wowote. Hilo la mwisho ndilo tunalolitaka.

## Hatua ya 7: Bawaba za karatasi

Bango halibandikwi kwenye ubao. Linaning'inizwa, kama shati kwenye kamba. Karatasi hutanuka na kusinyaa kila majira yanapobadilika, na ukiifunga pande zote nne itajikunja mawimbi au itapasuka.

Chora mstari wa maji kwa brashi kwenye karatasi ya kijapani, kisha ichane kwa kuivuta taratibu. Usikate kwa mkasi. Ukingo uliochanwa una nyuzi laini zinazojilaza bila kuacha alama, ila ukingo wa mkasi utaonekana mbele kama mstari. Tengeneza vipande 5 vya sentimita 3 kwa 5, na vingine 5 vya sentimita 3 kwa 7.

Geuza bango picha chini. Kwa kila kipande kifupi, paka gundi milimita 5 tu za mwisho, ukibandike kwenye mgongo wa ukingo wa juu, sehemu iliyobaki ikichungulia nje. Cha kwanza na cha mwisho vikae sentimita 5 kutoka pembeni. Funika kwa karatasi ya kufyonza, weka uzito, acha saa 2.

Bango sasa ligeuzwe, liwekwe juu ya ubao wa pamba mahali pake. Vipande vinavyochungulia vinalala juu ya ubao. Paka gundi vipande virefu na uvipitishe juu yake kwa mlalo, umbo la T, milimita 3 juu ya ukingo wa bango. Weka uzito tena, na uache mpaka kesho yake.

Onyo: gundi nyingi ni mbaya kuliko gundi chache. Ikipenya mbele, doa lake ni la kudumu. Na bawaba lazima iwe dhaifu kuliko bango. Fremu ikianguka, tunataka ichanike bawaba.

*Umefaulu ikiwa:* ukiinua ukingo wa chini kwa kidole, bango zima linainuka kama mlango, na mbele hakuna alama yoyote.

## Hatua ya 8: Kulifunga ndani ya fremu

Kwa ukubwa huu nachagua akriliki. Kioo cha milimita 3 kina karibu kilo 5, akriliki ni chini ya nusu ya hapo, na ikipasuka haikati karatasi. Ubaya wake ni umeme tuli unaovuta vumbi. Kama wino wa bango unapukutika, weka kioo chepesi chenye kichujio.

Mpangilio kutoka mbele ni huu: akriliki, vipande vya kutenganisha vya angalau milimita 5, bango na ubao wake, ubao wa nyuma. Vipande vya kutenganisha hukaa chini ya mdomo wa fremu kuzunguka pande zote, havionekani. Watu wanaviona kama mapambo na kuviacha, kisha baada ya baridi mbili wino umeganda kwenye kioo.

Ubao uwe mdogo kwa milimita 3 kuliko nafasi ya fremu ili upate pa kutanukia. Maliza kwa kubandika kanda ya karatasi mgongoni kuzuia vumbi na wadudu.

## Hatua ya 9: Ukuta gani

Si ukuta wa nje. Katika nyumba za London ukuta wa nje hupoa usiku, unyevu hujikusanya nyuma ya fremu, na Machi unakuta kuvu. Tumia ukuta unaotenganisha vyumba, na ubandike vipande vya mpira pembe za chini ili hewa ipite nyuma. Usilitundike juu ya hita.

Usiliache lipigwe na jua. Mabango ya baridi yanaishi kwa tofauti ndogo za rangi: kijivu cha mvua, buluu ya jioni, halafu dirisha moja la njano linalomwita mtu aingie ndani. Njano hiyo ikififia, mtu wa kwenye picha hana tena pa kwenda. Lenga mwanga wa lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), na programu ya simu itakupa makadirio. Kichujio cha akriliki hupunguza madhara, hakiyazuii yote.

Kwa wanaolipeleka Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam: huko adui ni unyevu na mende. Kuvu huanza unyevu ukikaa juu ya asilimia 65, na pwani hupita hapo kwa urahisi. Liweke chumba chenye kiyoyozi kinachowashwa kila siku, badala ya kile kinachowashwa siku za wageni, na uikague kanda ya mgongoni kila miezi mitatu, maana wanga ni chakula. Kama huna chumba hicho, tundika nakala, na la asili lilaze bapa ndani ya bahasha isiyo na asidi kabatini.

## Baada ya mwezi mmoja

Zima taa, simama pembeni ya fremu na umulike tochi kwa mshazari. Mawimbi mapana na laini ni ya kawaida. Wimbi kali linaloanzia kwenye bawaba linaonyesha gundi ilikuwa nyingi, kwa hiyo fungua, lainisha bawaba hiyo kwa tone la maji na uirudie. Ukungu ndani ya akriliki unaonyesha ukuta si sahihi.

Kisha geuza fremu, na kwa penseli andika kwenye ubao wa nyuma: tarehe, wanga wa ngano, karatasi ya kijapani, bawaba 5 ukingo wa juu, selotepu ya zamani haikuguswa. Atakayeifungua siku moja ataanza kazi yake akiwa na habari hizo.